Kitonga si mlima wa kupita tu

Kila basi liendalo nyanda za juu kusini lina dakika zake za kimya. Tangu Dar es Salaam abiria wamekuwa na soga zao: mpira, siasa, bei ya mchele, ndugu aliyekwenda Mbeya kutafuta maisha akaoa huko huko. Watoto wamelala mapajani, televisheni ya mbele inaonyesha filamu ambayo hakuna anayeifuatilia. Basi likishaiacha Ruaha Mbuyuni, dereva akarudisha gia na injini ikaanza kuunguruma kwa uzito, mazungumzo hukatika yenyewe. Aliyelala hutikiswa bega na jirani yake: "Amka, Kitonga hiyo." Simu hunyanyuliwa kwenye vioo vya upande wa korongo. Wengine hufumba macho wakasali. Halafu basi hufika juu, ubaridi ukaingia madirishani, simu zikarudi mifukoni na soga zikaanza tena pale zilipoachwa.

Nimeiona hali hiyo kwa miaka, katika mabasi ya kila aina, na kinachonikaa rohoni ni kimoja: hakuna anayeshuka. Mlima unaowanyamazisha watu wazima sitini kwa mpigo hauna mahali pa heshima pa kusimama, kunyoosha miguu, kunywa chai na kuuliza hapa ni wapi na wenyeji wake ni nani.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kitonga inastahili kuwa mahali pa kufikia, pa kukaa hata kama ni kwa nusu saa. Tukiendelea kuichukulia kama kero ya barabara tu, kaya za Mahenge, Ruaha Mbuyuni na Ilula zitaendelea kukosa riziki inayopita mlangoni mwao usiku na mchana, na sisi wasafiri tutaendelea kupita juu ya historia yetu wenyewe bila kuijua. Dawa yake ipo na si ya ajabu: vituo viwili vya mapumziko vilivyojengwa kwa akili, kimoja chini ya mlima na kingine juu, vikiwa mali ya wenyeji.

Bonde, mibuyu na maji ya umeme wetu

Anayeijua Kitonga kwa picha za simu anajua kona tu. Mlima huu huanza kuonekana mbali, tangu umeshapita Mikumi na barabara imeingia katika bonde la mibuyu. Pale joto linakuwa la kuchoma. Mibuyu imesimama kwa mamia pande zote mbili za barabara, mingine imejipachika kwenye miteremko ambako hungedhani mti unaweza kushika. Wakati wa kiangazi haina jani hata moja na gome lake linang'aa rangi ya shaba jua likiwa linazama. Chini yake unapita mto Ruaha Mkuu.

Mto huo tungeusalimia kwa adabu, maana umeme wetu mwingi umetoka humo. Maji yanayopita hapo yametoka bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980, yanaelekea bwawa la Kidatu lililoanza kufua umeme mwaka 1975, kisha yanaingia Rufiji na kufika katika Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Abiria anayechaji simu yake Ubungo na kuja kupigia picha mlima huu anaupiga picha kwa umeme ambao sehemu yake imepita chini ya miguu yake. Ni nani amewahi kumwambia?

Kutoka bondeni barabara inapanda ukingo wa milima ya Udzungwa, moja ya milima ya Tao la Mashariki, ile safu kongwe inayoanzia Taita kule Kenya na kuishia hapa Iringa. Upande wa pili wa safu hiyo kuna Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye maporomoko ya Sanje yanayoanguka mita 170 na kitu. Katika misitu ya milima hii wanasayansi walimkuta kwale wa aina yake mwaka 1991, na mwaka 2005 wakautangazia ulimwengu habari za kima aitwaye kipunji, ambaye wenyeji wa Rungwe, kwingine anakoishi, walikuwa wakimjua na kumtaja kwa jina hilo tangu zamani. Yote haya yako nyuma ya ule ukuta wa kijani ambao abiria wanautazama kwa dakika chache na kusema, "Aisee, pazuri."

Barabara yenyewe ina kisa chake. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilijikuta imefungiwa njia ya kusini. Mafuta ya kuendeshea nchi na shaba ya kuilisha vikalazimika kupita Tanzania, na njia iliyokuwepo ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Malori yalitumbukia, madereva wakafa, hadi njia hiyo ikaitwa ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, na mwanzoni mwa miaka ya sabini lami ya barabara ya Tanzania na Zambia ikawa imetandikwa. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ilipita kwingine, ikapandia Kilombero hadi Makambako. Kitonga ikabaki kuwa mlima wa malori. Hivyo hizi kona tunazozilaani ndizo zilizobeba sehemu ya mzigo wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na hakuna hata kibao kimoja kinachomweleza hilo mtoto wa shule anayepita na basi la ziara.

Mila za mteremko

Watu wakisikia mila za mlimani hufikiria ngoma na mavazi. Kitonga ina mila nyingine zilizozaliwa na barabara, na mimi nazihesabu kuwa mila kamili, kwa kuwa zinafundishwa, zinaheshimiwa na anayezivunja analaumiwa.

Tazama lori linaloharibika katikati ya mpando. Kabla dereva hajazima injini, utingo ameshafungua mlango na kuruka chini, jiwe mkononi, anakimbilia tairi la nyuma. Jiwe moja, la pili, la tatu. Halafu anaingia kichakani na panga, anarudi na matawi mabichi, anayapanga barabarani kwa umbali wa hatua kadhaa kwenda nyuma, tawi baada ya tawi, hadi upande wa pili wa kona. Sheria inadai pembetatu za kuakisi mwanga, nazo zinawekwa, lakini dereva mzoefu macho yake yanatafuta majani. Majani mabichi barabarani kwake ni sauti ya mwenzake: punguza mwendo, mbele kuna mtu ameharibikiwa.

Ipo lugha ya taa pia. Semi-trela linalojikongoja mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto, dereva wake anakwambia njia ni nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia anakwambia tulia, kuna gari linashuka. Watu hawa hawajuani. Mmoja ametoka Lubumbashi na shaba, mwingine anapeleka mbolea Mbozi, na mmoja anaikabidhi roho yake kwa taa ya mwenzake. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Pale Kitonga watu hukutana kwa taa na majani.

Na mlima ukifunga, lori likilala katikati ya kona na foleni ikashuka hadi bondeni, wenyeji ndio hubeba mzigo. Wanateremka na ndoo za maji, mahindi ya kuchemsha, chai kwenye chupa, maandazi. Kina mama wenye watoto wachanga hukaribishwa kwenye nyumba za karibu. Hiyo biashara ipo, sikatai, lakini pamoja nayo kuna ubinadamu ambao hauna bei. Sisi tulioukuta ubinadamu huo usiku wa manane tunajua deni letu.

Mila mbaya ipo pia, ya kukimbilia mzigo wa gari lililopinduka, na hiyo haifai kutetewa na yeyote. Barabara hii hii ndiyo iliyotutoa machozi pale Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walipoteketea baada ya kukusanyika kwenye lori la mafuta lililoanguka. Ninapokumbuka siku ile najiuliza swali lisilo la kupendeza: mtu mwenye kipato cha uhakika kutokana na barabara angekimbia na dumu kuelekea petroli inayomwagika? Umaskini hauhalalishi wizi, lakini ndio unaomfanya kijana aone dumu moja la mafuta lina thamani kuliko uhai wake.

Sado la vitunguu

Hapa ndipo hoja yangu inapogusa jiko la mtu. Ruaha Mbuyuni ni nchi ya vitunguu. Ilula, juu ya mlima, ni nchi ya nyanya. Kitunguu unachokikaanga Tandale na nyanya unayoipondea mchuzi Mbagala, kuna uwezekano mkubwa vimepita kwenye lami hii. Pamoja na hayo, mkulima wake anabaki pale pale alipokuwa. Dalali anamfuata shambani, anamwekea bei, anafungasha kwa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu ili mkulima alipwe gunia moja na mnunuzi aondoke na gunia moja na nusu. Lumbesa imekatazwa na serikali mara nyingi, na bado ipo. Nyanya nazo huenda kwa tenga, na msimu wa neema tenga hushuka bei hadi mtu anaziacha zioze shambani kwa sababu gharama ya kuchuma inazidi mapato.

Kwa mkulima wa namna hiyo, kuuza rejareja kwa msafiri ni pumzi. Sado moja la vitunguu likinunuliwa na abiria, fedha yote inaingia mkononi mwake, bila dalali, bila lumbesa. Ni fedha ya daftari, ya sabuni, ya nauli ya kwenda kliniki. Sasa angalia inavyopatikana. Basi linapunguza mwendo. Mwanamke anakimbia nalo, sado kichwani, mkono mmoja umeshika kioo cha dirisha. "Mama, shilingi ngapi?" Anataja. "Punguza, mama, basi linaondoka." Anapunguza, maana basi kweli linaondoka. Vitunguu vinamiminwa kwenye mfuko, noti inatolewa, ni kubwa, anatafuta chenji kwenye pindo la kanga huku anakimbia. "Kaka, chenji yako! Kaka!" Nimemwona mama wa umri wa mama yangu akirusha sarafu dirishani zikatawanyika chini ya viti, asidaiwe. Nimeona pia abiria akiondoka na vitunguu ambavyo havijalipiwa, akacheka na mwenzake. Mwendo wa basi ndio uliopanga bei, na siku zote humpendelea aliyeketi.

Wahenga wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu, lakini kwa Ruaha Mbuyuni methali hiyo haina haki. Vitunguu vile ni vyema, na bado wenyewe wanalazimika kuvitembeza, tena kwa kuvikimbiza, kwa sababu hakuna aliyewajengea mahali vikajiuza.

Na abiria je, anasimama wapi? Anasimamishwa kwenye hoteli ya njiani iliyochaguliwa na wenye basi, ambako wafanyakazi wa basi wanakula bila kulipa na gharama hiyo inarudishwa kwenye sahani ya abiria. Dakika kumi, kuku na chipsi, honi, twende. Asiyekuwa na uwezo wa bei hizo anasubiri pale basi litakaposimama porini abiria "wachimbe dawa". Kina mama wazima, wengine na mabinti zao, wanaingia vichakani kando ya barabara kuu ya kimataifa. Miaka zaidi ya sitini ya uhuru! Choo safi chenye maji mlimani Kitonga kingekuwa jambo la heshima ya binadamu kabla hakijawa jambo la utalii.

Kamwene

Juu ya mlima hali ya hewa inabadilika na salamu inabadilika. Umeingia Uhehe. Ukisema "Kamwene" kwa sauti ya taratibu na kuinamisha kichwa kidogo, uso wa mzee wa Kihehe unafunguka. Atakuita mnyalukolo, ndugu, hata kama hajui baba yako ni nani. Salamu ya Kihehe haina haraka. Inauliza nyumba, inauliza kazi, inauliza watoto. Ni kitu ambacho huwezi kukipata kupitia dirishani.

Msimu wa mvua katika maeneo ya juu ya wilaya ya Kilolo ni msimu wa ulanzi. Mgema huenda kwenye shamba lake la mianzi alfajiri na jioni. Anachagua chipukizi changa, analikata ncha, anatundika chini yake mbeta, kipande cha mwanzi kilicho wazi upande mmoja, na utomvu unadondoka tone kwa tone usiku kucha. Kila anaporudi anakata tena kipande chembamba sana, kama karatasi, ili kidonda kiwe kibichi na tone lisikome. Ulanzi uliogemwa asubuhi ile, mtogwa, ni mtamu na hata watoto huonjeshwa. Ukilala unakuwa mkali, na ukizidi kulala unakuwa mkangafu, ambao unawashinda wengi. Sitaficha kwamba ulanzi umevunja nyumba; vilabu vikijaa saa nne asubuhi, mashamba yanajua. Lakini mianzi hiyo hupandwa, hutunzwa, hurithiwa kutoka kwa babu hadi mjukuu, na yapo madaftari ya shule mengi yaliyonunuliwa kwa fedha ya ulanzi. Msafiri anayepita Kitonga Februari anapaswa kupata nafasi ya kuonja bilauri moja ya mtogwa mbele ya mtu aliyeugema, akaelezwa kazi yake.

Pamoja na ulanzi kuna vikapu. Wanawake wa Kihehe wanasuka vikapu kwa milulu, majani yanayoota sehemu zenye maji, kwa ustadi ambao umeviingiza hivi leo kwenye maduka ya mapambo ya nyumba Ulaya na Marekani. Mtalii ananunua "Iringa basket" mtandaoni kwa fedha ambayo msukaji hajawahi kuishika kwa mkupuo. Mtanzania anayepita nje ya nyumba ya msukaji huyo kwenye basi anashuka Mbeya na kununua beseni la plastiki.

Halafu kuna Lugalo. Wakazi wa Dar es Salaam wakisikia jina hilo hufikiria kambi ya jeshi na hospitali ya barabara ya Bagamoyo. Lugalo yenyewe iko huku, baada ya kupanda Kitonga na kuipita Ilula, si mbali na barabara kuu. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wajerumani likiongozwa na Emil von Zelewski lilikuwa likipita kwenye njia hizi hizi za milimani, kwa mstari mrefu na kwa kujiamini. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikuwa wamejificha vichakani na kwenye mawe, mikuki mikononi. Ilichukua muda mfupi. Zelewski akauawa pamoja na askari wake wengi, na bunduki zao zikachukuliwa. Wajerumani walirudi kulipiza; ngome ya Mkwawa ya Kalenga ikaanguka mwishoni mwa Oktoba 1894, na tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa akajiua kuliko kukamatwa. Fuvu lake likapelekwa Ujerumani, likatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na likarejeshwa mwaka 1954. Leo liko Kalenga, kwenye makumbusho, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini.

Ni taifa gani lingekuwa na uwanja wa vita kama huo kando ya barabara yake kuu, likawaacha wananchi wake wapite wakiwa wanatazama filamu za nchi nyingine? Penye miti hapana wajenzi. Mwaka 2022 tulizindua filamu ya Royal Tour kuwaita wageni wa dunia, na ni jambo jema. Lakini tumefundishwa kwamba utalii ni mzungu, kofia na gari lililo wazi juu. Mama anayetoka Tunduma kwenda kumsalimia mwanawe Temeke naye ni mtalii, ana fedha kidogo ya kutumia njiani na macho ya kuona. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Usiku unakula soko

Jambo hili lina haraka, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni usiku. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri saa 24, mengi yanayokwenda kusini huipita Kitonga gizani. Ruhusa hiyo imewasaidia watu: mfanyabiashara anafika asubuhi na siku yake haipotei, mgonjwa anawahi rufaa. Sipingi. Lakini waliokuwa wakiuza kwa mwanga wa jua sasa wanauza kwa tochi au hawauzi kabisa, na kukimbiza basi usiku kwenye lami ya malori ni kucheza na kifo. Hakuna aliyekaa na kina mama wale kabla ya ruhusa hiyo kutoka, akawauliza watafanyaje.

Sababu ya pili ni reli. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR imekuwa ikichukua abiria wa Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda ambao basi haliwezi kushindana nao. Barabara ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ina lami. Msafiri wa Iringa mwenye haraka anaweza leo kushuka treni Dodoma, akapanda gari na kufika Iringa bila kuiona Kitonga hata kwa mbali. Wasafiri wa namna hiyo wataongezeka. Mlima ambao riziki yake yote inategemea watu kulazimika kuupita utajikuta unapitwa pembeni.

Na kila mara tunasikia habari ya kuipanua barabara ya Kitonga. Naiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona misalaba kwenye kona zile. Lakini barabara pana maana yake ni mwendo mkubwa, na mwendo mkubwa hausimami kwa sado la vitunguu. Michoro ikichorwa bila vituo ndani yake, lami mpya itamaliza kazi ambayo usiku na reli vimeianza.

Vituo viwili, na funguo zake

Wapo watakaosema mlima ni hatari na kusimamisha watu pale ni kuongeza maafa. Wana haki ya kuhofu. Ndiyo maana nasema vituo viwili na si vibanda kwenye kona. Kimoja kiwe bondeni, kabla mpando haujaanza, mahali tambarare penye kivuli cha mibuyu. Kingine kiwe juu kabisa, kona zikiwa zimekwisha, mahali ambapo mtu anaweza kusimama nyuma ya ukuta imara akaliona bonde lote. Kile cha juu kiwe pia cha usalama: kila gari la mizigo linaloshuka lilazimike kuingia, dereva akague breki, azipoze, achague gia yake kabla hajauanza mteremko. Wanaofeli breki Kitonga wengi wameanza kushuka breki zikiwa zimeshachoka. Dereva aliyesimama robo saa atakunywa chai, na chai hiyo itakuwa ya mtu wa Mahenge. Usalama wa barabara na chakula cha kaya vitakuwa vimejengwa kwenye kiwanja kimoja.

Ndani yake pawe na vyoo vyenye maji, taa usiku kucha, maegesho, mizani ya kupimia vitunguu kwa kilo ili lumbesa ikose pa kukaa, meza za nyanya, kona ya vikapu ambapo msukaji anasuka mbele ya macho ya mnunuzi. Pawe na ukuta wenye maandishi ya Kiswahili kwanza, yanayosimulia kisa cha barabara tangu 1965, mto wa umeme, na Lugalo. Vijana waliomaliza kidato cha nne wapo wengi, wafundishwe kusimulia. Na wazee waulizwe mapema ni misitu ipi ya matambiko isiguswe na ni mambo gani hayaoneshwi kwa wageni, kwa sababu si kila mila ni ya kuuzwa.

Fedha? Halmashauri ya Wilaya ya Kilolo, kama nyingine zote, inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Meza za soko na mtaji wa kuanzia vingetoka humo. Ujenzi wa viwanja, njia za kuingilia na vyoo uwekwe kwenye gharama za upanuzi wa barabara tangu siku ya kwanza ya michoro. Mamlaka inayotoa leseni za mabasi nayo ina uwezo wa kuandika kituo cha Kitonga kwenye ratiba, ili kusimama kusiwe hisani ya dereva.

Hofu yangu kubwa haiko kwenye fedha. Tumeshaona masoko ya njiani yakijengwa vizuri, yakazinduliwa kwa utepe, halafu vizimba vikagawiwa kwa zabuni. Mwenye duka Kariakoo akavichukua kumi kwa majina ya shemeji zake, akavipangisha kwa bei ambayo muuza vitunguu haiwezi, na muuza vitunguu akarudi barabarani kukimbiza mabasi nje ya uzio wa soko lililojengwa kwa ajili yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwenyeji hawezi kupona ikiwa funguo ziko mjini. Kwa hiyo kabla tofali la kwanza halijawekwa, serikali za vijiji vya njia hii ziwaorodheshe wanaouza leo, kwa majina, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, na orodha ibandikwe ukutani kila mtu aisome. Kizimba kiwe cha aliye kwenye orodha. Asikiuze, asikipangishe, akiacha kazi kirudi kijijini kigawiwe upya mbele ya mkutano ule ule. Na mkataba huo usainiwe kabla ya ule wa mkandarasi.